Kabla Kanda Haijaandikwa Upya

6 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima na magoti yako yamenyamaza. Sisi huku hatujambo. Baba Kijino amehamishia kazi yake ya kuchomelea nyuma ya duka la rangi, kwa hiyo sasa anarudi nyumbani na madoadoa ya rangi ambayo hakuipaka yeye. Kijino ametimiza miezi saba. Bado ana jino lile lile moja, ila analitumia kama anayo thelathini na mawili. Juzi alimng'ata baba yake kidole, na baba mtu, ambaye kila siku anashikana na moto, akaruka hadi mlangoni.

Najua ungependa kunijibu kwa simu. Usijisumbue. Sikio lako na simu haviivani. Mara ya mwisho tulipiga kelele robo saa, kila mtu akaishia kusema haya, haya, na sijui tulikubaliana nini.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Unakumbuka nilikuwa nafagia zile ofisi nne za ghorofa ya pili, pale Hifadhi ya Data? Sifagii tena. Mkuu aliona nilivyokuwa napanga makaratasi yao yaliyotupwa ovyo, kila moja kwa tarehe yake, akaniuliza nimesoma hadi wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba sikufika mbali. Akasema kusoma mbali wanako wengine, yeye anatafuta mtu asiyechoka kutazama. Basi nimekuwa mkagua alama.

Nikueleze, maana hata mimi nilielezwa mara tatu. Watu wamepima mvua na vina vya mito miaka arobaini. Zamani waliandika kwenye daftari, sasa yote yamo kwenye kompyuta, na kazi yetu ni kuyatunza hata atakayekuja miaka hamsini baadaye ayakute kama yalivyo. Kila faili lina namba yake ndefu, wanaiita alama, ni kama alama ya kidole. Ukigusa faili hata nukta moja, alama inabadilika. Kila asubuhi mashine inanitolea karatasi: kushoto alama zilizo kwenye orodha, kulia alama za leo. Zikifanana, mstari ni wa kijani. Nazitazama zote. Chumba cha mashine kina baridi, naingia na sweta na soksi kama mtu anayesafiri.

Mwaka huu tunaomba cheti cha kuwa hifadhi ya kuaminika. Kuna maswali kumi na sita, na wakaguzi watakuja mwezi wa tano kuona kama tuliyoyajibu ndiyo tunayoyafanya. Tusipokipata, wenye data wataanza kuhamisha vitu vyao mmoja mmoja, na Mkuu anasema milango itafungwa. Tukikipata, na mimi nikimaliza miezi ya majaribio, nitaandikishwa kabisa.

Kwa ajili hiyo wanataka cheti changu cha kuzaliwa. Kinasema tarehe kumi na saba. Kadi yangu ya kliniki inasema kumi na nane. Wewe ndiye uliyekuwa wodini siku hiyo. Niandike ipi?

Wako,
Mama Kijino


21 Januari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imefika ikiwa na alama ya mkono mdogo wenye uji pembeni. Nimeuelewa ujumbe huo kuliko mwingine wote.

Mimi sijambo. Magoti yananung'unika lakini yanatembea. Nimepata mpangaji wa kile chumba cha uani, karani wa mahakama, mtu mpole kabisa mpaka saa kumi na moja jioni anapotoa tarumbeta lake. Majirani walinijia watatu kwa pamoja kulalamika. Nikawaambia mimi nasikia kama nusu tu, na hiyo nusu si mbaya. Wakaondoka wakitikisa vichwa. Kwa mara ya kwanza sikio hili limeniletea faida.

Kazi yako nimeipenda. Nimeisoma mara mbili, halafu nikamsomea mpangaji, akasema ni kazi ya maana. Mimi naielewa kwa njia yangu. Nimekaa wodi ya wazazi miaka thelathini na moja, na rejista zetu zilikuwa hivyo hivyo: zimetunzwa kwa ajili ya mtu ambaye hajaja bado. Leo anazaliwa, anakuja kuuliza akiwa na ndevu. Ukikuta ukurasa umelowa, umemnyima mtu umri wake. Kwa hiyo usijidharau kwa kutosoma mbali. Kutazama ni kazi.

Vaa soksi mbili. Mama anayenyonyesha hapigwi baridi ovyo.

Huyo jino-moja mpe kipande cha karoti kigumu, umshike mkono akiking'ata, vidole vya baba yake vipumzike.

Hilo la tarehe tutaliongea.

Shangazi yako


12 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Wote wazima. Kijino amepata jino la pili, kwa hiyo sasa jina lake si la kweli, lakini limeshamkaa. Anasimama kwa kushika kiti, halafu hajui ashuke vipi, basi analia akiwa amesimama kama mtu aliyeonewa. Anapenda kifuniko cha sufuria kuliko mdoli uliomtumia, samahani. Analala na kile kifuniko. Ukikitoa anajua. Baba yake amemtengenezea kigari cha chuma kizito hata mimi sikiinui, nikamwambia huyu ni mtoto, si lori. Nywele zake zimeota upande mmoja zaidi. Anampenda jirani yetu mshonaji anayekaa naye mchana, akimwona ananisahau.

Kazi inaendelea.

Shangazi, mlipokuwa wodini, mtu akikosea kwenye rejista mlikuwa mnafanyaje? Nauliza tu.

Na ile tarehe hukunijibu.

Wako,
Mama Kijino


24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwa jino, kwa kifuniko, kwa kigari, kwa nywele na kwa mshonaji. Barua nzima imejaa mtoto kama kikapu kilichojazwa majani juu ili asionekane kuku aliye chini. Nimekulea miaka sita, mama. Ulipovunja glasi yangu ya maua ulinihadithia kuhusu shule mpaka chakula kikapoa.

Mwezi Januari kazi yako ilikula ukurasa mzima. Sasa imepata maneno mawili. Na anayesema "nauliza tu" hajawahi kuuliza tu.

Lakini nitakujibu ulichouliza. Kwetu kulikuwa na Sista Mkuu aliyetembea kama amemeza rula. Siku ya kwanza alitupanga mstari akatuonyesha rejista. Akasema ukikosea hufuti, hukwangui kwa wembe, hubandiki karatasi juu. Unapiga mstari mmoja, mmoja tu, juu ya kosa, ili anayekuja baadaye alisome lile kosa lenyewe. Pembeni unaandika lililo sahihi, tarehe, na sahihi yako. Mwenzangu mmoja alimuuliza kwa nini kosa libaki linaonekana, si aibu? Sista akamwambia rejista isiyo na mstari hata mmoja yeye haiamini, maana hakuna binadamu aliyeiandika.

Nasi tulimcheka kwa siri kwa jinsi alivyokuwa akiinua kidole. Lakini tulipiga mistari.

Mpangaji anajifunza wimbo mpya. Amekwama mahali pamoja kwa siku nne.

Niandikie. Safari hii anza na kuku, majani baadaye.

Shangazi yako


5 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Tu wazima. Naanza na kuku.

Katikati ya Februari, asubuhi moja, karatasi yangu ilikuwa na mstari mmoja mwekundu. Faili la mvua, kituo cha saba. Mkuu alikuwa mkutanoni, na fundi wetu wa mashine, tunamwita Miwani, alikuwa kwenye mazishi ya ndugu yake. Wiki iliyotangulia Miwani alikuwa ameingiza mafaili mapya, na kwa kuwa hayakuwamo kwenye orodha yalitoka mekundu. Akaniambia nyekundu ukiiona bonyeza "sasisha orodha", itakuwa kijani. Nilifanya hivyo wiki nzima. Basi na siku ile nikaona nyekundu, nikabonyeza. Ikawa kijani. Nikanywa chai yangu nikiwa na furaha.

Mwezi uliopita, tarehe tisa, Mkuu alinipa utaratibu wetu wa kazi niunakili vizuri kwa ajili ya wakaguzi. Nikafika pale panaposema: alama ya faili la zamani ikitofautiana na orodha, usisasishe, faili limeharibika. Shangazi, kalamu ilinitoka mkononi.

Nilifungua lile faili. Umeme ulikatika siku moja mashine ikiwa inaliandika, nadhani ndipo lilipoumia. Miezi mitatu ya mwaka mmoja, mwezi wa tatu hadi wa tano, yote ni sifuri. Ukisoma utadhani mwaka ule halikuanguka hata tone. Na ndio ule mwaka wa mafuriko.

Utaniuliza, si mna nakala? Tunazo. Moja ipo kwenye jengo jingine na moja mji mwingine. Lakini zile nakala hujirekebisha zenyewe kwa kufuata orodha. Nilipoibadilisha orodha, niliziambia nakala nzima kwamba zimekosea. Zikatii. Sasa zote tatu ni sifuri, na zote ni za kijani. Kila asubuhi naletewa karatasi ya kijani tupu, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba inadanganya.

Imebaki kanda. Ni kama kaseti kubwa, inafungiwa kwenye kabati la chuma ng'ambo ya barabara, haijaunganishwa na mashine yoyote. Kila miezi mitatu Miwani huifuta na kuiandika upya. Mara ya mwisho ilikuwa mwisho wa Januari, kabla sijabonyeza. Itaandikwa tena tarehe thelathini ya mwezi huu. Ikishaandikwa, mvua ile imekwisha duniani.

Nimetaka kusema kila siku. Naenda hadi mlangoni kwa Mkuu, namkuta anahesabu siku za wakaguzi kwenye ukuta kama bwana harusi, narudi. Nikisema, cheti kinaweza kutupita na mimi siandikishwi. Kufagia pale pia hawatanirudisha, wana mtu mwingine. Baba Kijino sijamwambia. Ananitazama nikikuna sufuria ambayo imeshang'aa.

Sijui kwa nini nakuandikia wewe badala ya kusema pale. Labda kwa sababu barua inachukua siku tisa.

Mama Kijino


19 Aprili

Mwanangu,

Siijibu shikamoo yako sasa, nitaijibu mwisho. Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, nikamwambia ndani kuna dawa ya mtoto. Mungu atanisamehe.

Mwaka ule naukumbuka. Maji yaliingia wodini yakafika magotini. Tulipandisha wazazi juu ya meza za chakula, na mmoja akajifungulia hapo, akatuuliza kama huwa tunafanya hivi kwa wote. Siku ishirini na sita mvua haikukatika. Basi hiyo kompyuta yako ikisema sifuri, mimi nipo, na viatu vyangu viliozea miguuni.

Sasa nikwambie jambo ambalo umeniuliza mara mbili nami nikajifanya sikio limenizidi hata kwenye karatasi.

Umezaliwa tarehe kumi na nane, saa tatu asubuhi. Nilikupokea mimi. Nilikuwa nimeshika zamu mbili mfululizo, na siku ile ndipo kaka yangu alipokuwa baba, na mikono ilikuwa inanitetemeka kwa furaha. Kwenye rejista nikaandika kumi na saba. Kadi nikaiandika baadaye nikiwa nimetulia, nikaandika kumi na nane. Baada ya wiki niliiona tofauti. Kalamu ilikuwa mfukoni, Sista alikuwa chumba cha pili. Kupiga mstari mmoja kungenichukua muda wa kupiga chafya. Lakini ndio kwanza nilikuwa nimesifiwa mbele ya wenzangu kwa rejista safi, nikasema kesho. Kesho rejista ilipelekwa kwa msajili. Kikatoka cheti chako na kumi na saba yake.

Miaka ishirini na minne, mama. Salamu zangu za siku yako ya kuzaliwa hufika siku inayofuata, na kila mwaka unamlaumu mtu wa posta. Yule mtu hana kosa. Mimi huzipima zifike siku ya kweli. Nilikuwa nakwambia bila kukwambia.

Sikufa kwa kosa hilo. Lakini nimelibeba kwa sababu ya rejista safi, ambayo leo hakuna anayekumbuka kwamba ilikuwa safi. Na mimi sikuwa na kanda. Wewe unayo, mpaka tarehe thelathini.

Wakikufukuza, njoo na Kijino mkae kwangu, kuna nafasi na muziki. Lakini usilale na hili siku moja zaidi baada ya kusoma hapa.

Marahaba, mwanangu.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Wote wazima. Kijino alitembea hatua mbili akielekea kwa mshonaji, si kwangu, lakini nimeshapoa.

Barua yako niliipata Jumanne jioni. Nilicheka kwanza, kwa ajili ya mtu wa posta. Halafu nikamsomea Baba Kijino barua zote mbili, yangu ambayo nilikuwa nimebaki na rasimu yake, na yako. Aliinuka akaichukua ile sufuria mikononi mwangu, akaiweka juu kabatini. Asubuhi alinisindikiza hadi chini ya ngazi, na yeye huwa haji upande ule.

Nilimkuta Mkuu na Miwani pamoja. Nikasema, "Nimeharibu faili la kituo cha saba na nimelificha wiki sita. Kanda bado inalo. Imebaki siku nane."

Mkuu alivua saa yake akaiweka mezani, akaitazama kama mtu anayesubiri iseme. Miwani hakusubiri. Alishachukua ufunguo wa kabati. Mlangoni akageuka akamwambia Mkuu, "Mimi ndiye niliyemfundisha nyekundu abonyeze. Sikumwambia ni zile mpya tu." Halafu akashuka ngazi mbili mbili, yeye ambaye siku zote hushika ukuta.

Kusoma kanda ni kama kusubiri maharage. Tuliketi chumba cha baridi watu watatu, sweta langu nikampa Mkuu maana alikuja na shati. Lilimfika kwenye viwiko. Hakuna aliyecheka, ingawa ilistahili. Baada ya saa sita mchana faili likatoka. Kanda hubeba na orodha yake ya siku ilipoandikwa, kwa hiyo tukaweza kulinganisha na alama ya zamani. Miwani akasoma namba moja moja kwa sauti, mimi nikifuata kwa kidole. Zilifanana hadi ya mwisho. Tukalifungua. Mvua ilikuwemo, Shangazi. Siku ishirini na sita, moja baada ya nyingine, kama ulivyosema. Nikalia mbele ya mashine, Miwani akaniambia nisogee, machozi na umeme havipatani.

Kisha likaja jingine. Tuna daftari la matukio, la kuandika kila kinachoharibika. Lilinunuliwa miaka mitatu iliyopita na bado lilikuwa ndani ya nailoni yake. Mkuu akanipa niandike. Niliandika kurasa nne: nilichokiona, nilichobonyeza, siku nilipojua, na siku nilizokaa kimya. Miwani akasema wengine wangeandika "hitilafu ndogo ya kiufundi" mstari mmoja yakaisha. Mkuu alizisoma kurasa zangu akiwa amesimama. Akasema wakaguzi wataliona hili. Nikasema ndiyo. Akavuta mikono ya sweta langu, ambalo bado alikuwa amelivaa.

"Basi walione," akasema.

Ila kuhusu kuandikishwa hakugusa, nami sikuuliza. Tarehe thelathini kanda iliandikwa upya, mvua ikiwa ndani yake. Nilisimama pale kushuhudia.

Wako,
Mama Kijino


12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni, wali ukaungua, nikaula hivyo hivyo kwa raha.

Nimekwenda kwa msajili. Msichana wa dirishani ameniuliza kwa nini sikuja mapema, nikamwambia foleni ilikuwa ndefu. Ameandika pembeni: kumi na nane, na sababu, na nimetia sahihi. Ile kumi na saba ameiacha isomeke. Mkono ulitetemeka tena, safari hii kwa uzee.

Wakaguzi wakija, kula kwanza. Tumbo tupu hujibu vibaya. Na huyo Mkuu mnunulie sweta lake.

Shangazi yako


18 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa safari ya kwa msajili. Karatasi imefika. Baba Kijino anasema ameoa mtu mdogo kwa siku moja kuliko alivyodhani, na anataka apewe maelezo. Kijino anatembea chumba kizima sasa. Hasimami, anagonga ukuta, anageuka.

Wakaguzi walikuja wawili. Mwanamume aliyekuwa anakohoa na kuandika, na mama mmoja wa makamo, mpole wa sauti, lakini macho yake hayakuacha kitu. Siku ya kwanza waliuliza mambo ya milango, umeme, nani ana ufunguo. Mkuu alijibu yote vizuri, hata kabla hayajaisha kuulizwa. Siku ya pili yule mama akaomba daftari la matukio. Mkuu akampa. Alisoma kurasa zangu nne polepole, akarudi mwanzo, akasoma tena. Nilikuwa nimekula, kama ulivyoniagiza.

Akauliza nani ameandika. Nikasimama.

"Kwa nini ulisema?" akaniuliza. "Orodha ilikuwa ya kijani. Sisi tusingejua."

Nikamwambia, "Kwa sababu kanda ilikuwa imebakiza siku nane."

Yule wa kukohoa akaacha kuandika. Yule mama hakutabasamu, ila alifunga daftari kwa mikono miwili, taratibu, akaniomba nimwonyeshe tunavyofanya sasa. Nikamwonyesha. Sasa mtu mmoja peke yake hawezi kubadilisha orodha, ni lazima mwingine naye akubali kwenye mashine yake. Kile kitufe cha kusasisha Miwani amekitenganisha, cha mafaili mapya upande wake, na cha yale ya zamani hakipo kabisa. Utaratibu wote nimeuandika upya kwa maneno yangu, maana ule wa zamani ulikuwa unaeleweka kwa aliyeuandika tu, na yeye alishastaafu.

Majibu yamekuja juzi. Katika maswali kumi na sita tumepita kumi na matano, na lile la kugundua na kurekebisha uharibifu ndilo walilolisifu. Lililotuangusha si langu, Shangazi. Ni la Mkuu. Waliuliza hifadhi ikifungwa leo, data atazichukua nani? Mkuu aliandika "haitafungwa". Wamempa miezi mitatu apate taasisi itakayoahidi kwa maandishi kuzipokea, kisha cheti kitatoka. Sasa anazunguka mjini na koti lake jipya kama mtu anayetafuta mchumba. Maktaba ya chuo imeshakubali, wanatia sahihi Ijumaa. Miwani anamuuliza kila asubuhi kama wazazi wa upande wa pili wameridhika.

Mimi nimeandikishwa. Mkuu aliniletea karatasi mezani, akaondoka haraka. Kwenye nafasi ya kazi ameandika mkagua alama, na mtunza daftari la matukio.

Lakini nilichotaka kukwambia hasa ni cha jana. Alikuja mhandisi mmoja, mwanamke kijana mwenye buti za tope. Anajenga daraja kwenye ule mto ulio chini ya kituo cha saba, na anataka kujua maji yalipanda kiasi gani mwaka wa mafuriko, ili ajue aweke nguzo za urefu gani. Nikamtolea faili. Pamoja na faili hutoka maelezo yake, na mle imeandikwa kwamba nakala iliharibika Februari, ikarudishwa kutoka kwenye kanda Aprili, alama zililinganishwa. Akasoma pale. Nikamwona amesimama kwenye mstari ule, nikajua sasa ataniuliza.

"Aliyelinganisha nani?" akauliza.

"Mimi na fundi," nikamwambia. "Namba moja moja."

Akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi, akaweka mvua yote ile ndani ya mkoba wake. Aliuliza njia fupi ya kufika barabara kuu, nikamwelekeza, akashuka ngazi.

Nilikwenda dirishani nikamtazama mpaka alipopinda kona. Kisha nikarudi kwenye karatasi yangu ya asubuhi, nilikuwa nimeiachia katikati.

Wako akupendaye,
Mama Kijino